Tulivyokwenda Mikumi Kuliposa Jipu

Masika yaliyopita yalinilia mzigo mzima wa vitenge. Lori nililokodi lilizama kwenye tope njia ya Ulaya, kijiji cha hapa hapa wilayani, siku ya gulio, mvua ikanyesha juu yake mchana kutwa, na vitenge vilipotolewa vilikuwa vya rangi moja vyote. Mimi ni muuza nguo hapa Kilosa na maisha yangu ni kufuata magulio: leo Ulaya, kesho Chanzuru, siku nyingine napanda Mamboya, kwetu nilikozaliwa, kwa watu wa milimani. Tangu biashara ziliporuhusiwa kila mtu anauza vitenge, na mteja hamngojei muuzaji aliyekwama. Kwa hiyo niliamua kwamba kabla mvua hazijarudi niwe na gari langu mwenyewe, jipu dogo, lile linalovuta kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Niliuza akiba yote ya mpunga na cherehani zangu mbili. Nikikosea gari, sina pa kuanzia tena.

Shida ni kwamba wauza magari wakimwona mwanamke humuuliza mwenye pesa yuko wapi. Mume wangu, Baba Shani, ni mtu mpole mno kwa kazi hiyo. Akitajiwa bei huitikia "sawa" na kushukuru juu yake. Nikaenda Chanzuru kumchukua Mjomba Selemani, kaka yake mama. Kwenye mazungumzo ya mahari, wilaya nzima inajua hakuna anayemweza. Watu wametoka barazani kwake hawana hata nauli ya kurudia. Nikasema, mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka. Sikujiuliza hata mara moja miaka yote hiyo Mjomba alikuwa amekaa upande gani wa mkeka.

Kilosa mjini, asubuhi. Hatukutaka kusafiri bure, kwa hiyo tulianza na kijana mmoja karibu na stesheni aliyesemekana kuwa wakala wa magari. Magari yenyewe yalikuwa Dar es Salaam. Yeye alikuwa na picha. Alitoa ya jipu jekundu linalong'aa, limepigwa kwa upande mmoja tu. Mjomba, aliyevaa kanzu na koti la sherehe, aliigeuza ile picha nyuma kutazama kama upande wa pili upo. Kisha akairudisha kwa vidole viwili na kusema kwamba yeye haposi kwa picha, kwani waliowahi kufanya hivyo anawajua kwa majina na wote wanajuta. Kijana alidhani ni mzaha. Bei yake ilikuwa nzuri, nikaiweka kichwani.

Njiani. Tulipata nafasi mbele kwenye lori lililobeba makreti matupu ya soda. Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi hukuvunja kiuno hata wakati wa kiangazi, na makreti yalipiga kelele hata usimsikie jirani yako. Mjomba hakujali. Alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba yake, midomo inakwenda, mkono unapanda na kushuka, na dereva akaniuliza kwa ishara kama mzee anaumwa. Nami kwa ishara nikamwambia ndivyo alivyo. Nilifurahi, nikiona pesa yangu imepata mlinzi.

Mikumi, mchana. Pale barabara kuu inapopita, magari ya mitumba kutoka Japani huwa yamepangwa kando ya lami, na wenyeji huyaita mapya. Nayo ni mapya, kwa maana kwamba sisi bado hatujayaharibu. Yadi ya kwanza ilikuwa na jipu la bei nafuu kuliko hata ile ya picha. Nyani mkubwa alikuwa ameketi juu ya boneti akila ndizi na mwenye yadi alikuwa kivulini, miwani ya jua usoni. Hakuinuka. Mjomba alisubiri kukaribishwa kiti, akasubiri sana, kisha akauliza aliyekuwa na gari hili zamani aliliacha kwa kosa gani. Yule bwana akasema hajui, kama hatutaki tuache. Mjomba akanishika mkono tukaondoka. Nilimwambia bei ile hatutaipata tena. Akasema aliyeachwa bila sababu ana sababu, na pale hata nyani alikuwa ameheshimiwa kuliko sisi.

Alasiri tulifika kwa Bwana Masanja. Huyu alikuja miaka ya nyuma kutoka Usukuma akiswaga ng'ombe, na ruksa ya biashara ilipokuja aliuza kundi zima akaingia kwenye magari. Mazoea hakuyauza. Yadi yake ilikuwa zizi hasa, limezungushiwa miiba, lango la magogo, na jioni magari yote yalirudishwa kinyumenyume na kuhesabiwa. Juu ya lango palitundikwa ubao wa rangi nyeusi: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Alimwamkia Mjomba, "Shikamoo, mzee," akatuletea viti na maji ya kunywa, akauliza habari za mvua za kwetu. Mjomba akanitazama kama mtu aliyefika.

Jipu lilikuwa la kijani, milango mitano, sura ya kupendeza. Nililipenda pale pale na nikajitahidi usoni lisionekane. Mjomba alilizunguka polepole, akauliza umri wake, limelelewa wapi, na kama lina ndugu. Bwana Masanja alijibu yote bila kucheka. Alisema amelipokea bandarini mwenyewe na kulileta taratibu, hajaliazimisha kwa mtu. Kisha akataja bei. Sitaiandika hapa, maana Baba Shani anajua kusoma.

Nilijiandaa kusikia ikikatwa katikati. Mjomba alitikisa kichwa.

"Hapana, bwana," alisema. "Hapo unamdhalilisha."

Masanja akauliza anamdhalilishaje.

"Mtoto amevuka bahari. Meno yote anayo, macho yanaona mbali, hajaguswa na mtu tangu afike. Nawe unamtoa kwa kiasi hicho? Watu watasema ana kasoro."

Masanja aliliangalia gari lake kwa muda mrefu. Nadhani hakuna mnunuzi aliyewahi kulisemea vile. Akapandisha bei. Nilimfinya Mjomba mgongoni kwa nguvu zangu zote, naye akanigeukia na kuninong'oneza nisimfinye mbele ya watu, mazungumzo yanakwenda vizuri. Hapo ndipo nilipoelewa. Maisha yake yote alikuwa upande wa binti, na sasa binti alikuwa jipu. Kila nilipofungua mdomo nipunguziwe, alinitazama kama bwana harusi bahili. Bei ilipanda mara ya pili, Masanja mwenyewe akiwa na haya. Nikaona mpunga wangu, cherehani zangu na masika yajayo vyote vikitumbukia katika zizi lile.

Ikafuata kilemba. Mjomba alitaka kujua nani mjomba wa gari hili, maana mjomba hana budi kupewa kilemba chake. Askari wa lango, mtu mzima aitwaye Kibwana, alisogea na kusema kwa unyenyekevu kwamba ni yeye, ndiye anayeliosha kila asubuhi. Nilivua kanga yangu ya juu nikampa. Mkaja wa mama tulisamehewa, kwa kuwa mama yuko Japani. Halafu Mjomba akawageukia wao: bibi harusi haendi mikono mitupu. Akadai tairi la akiba, jeki, tangi lililojaa, na mtu wa kumsindikiza mpaka kwa mumewe, ndiyo kusema kwangu. Masanja alikubali yote, na Kibwana akateuliwa kusindikiza kwa kuwa anajua kuendesha na sasa ni ndugu.

Nilipokuwa nimeshatoa pesa kitambaani, Mjomba aliinua mkono.

"Neno la mwisho. Akishindwa huko aendako, mlango wenu uko wazi?"

Masanja alionyesha ubao ulio juu ya lango.

"Nimeuona," Mjomba akasema. "Ule umeandikwa kwa ajili ya mali. Mimi nakuuliza habari ya mtoto wako."

Masanja ana mabinti, baadhi wameshaolewa mbali. Akasugua magoti yake. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Uko wazi." Kibwana naye akapeana mkono na Mjomba kuthibitisha. Mimi sikulisikiliza neno lile. Nilikuwa nahesabu kilichobaki kitambaani, nacho kilikuwa kitambaa.

Tulianza kurudi jua likiwa linaelekea kushuka, Kibwana kwenye usukani, wajomba wawili mbele wakisifiana, mimi nyuma na hasira zangu. Hatujafika hata nusu ya njia ya Ulaya, giaboksi ikalia, ikalia tena, ikanyamaza. Injini ilinguruma, magurudumu hayakusogea. Kibwana alijaribu gia moja baada ya nyingine, kisha akalipapasa gari usukani na kuliuliza limepatwa na nini. Nililia. Sioni aibu kusema, nilikaa kwenye nyasi nikalia kama niliyefiwa. Nilimwambia Mjomba maneno ambayo mtu hamwambii mjomba wake, kwamba amenimaliza, kwamba nilimleta anipunguzie bei na ameipandisha, kwamba sasa nina jipu la kukalia tu.

Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akasema, "Basi tumrudishe kwao."

Karibu na pale palikuwa na boma la wafugaji. Mzee mwenye boma, naye mtu wa Usukuma, alikubali kutupatia jozi mbili za maksai asubuhi, na usiku ule tulilala kwake. Alipomsikia Mjomba akieleza jambo zima tangu mwanzo, hakuuliza habari ya giaboksi. Aliuliza kama baba wa binti alitamka kwa kinywa chake kwamba mlango uko wazi. Kibwana akaapa kwamba alitamka. Yule mzee akachukua fimbo yake na kusema atakwenda mwenyewe.

Hivyo ndivyo tulivyoingia Mikumi mara ya pili: ng'ombe wanne mbele, jipu la kijani nyuma na Kibwana kwenye usukani akiwa amejifunga kanga yangu kichwani, wazee wawili kando na mimi mwisho nikiwa na viatu mkononi. Watu wa barabara kuu walitoka madukani. Yule wa miwani ya jua aliinuka, safari hii, na nyani wake akainuka pia.

Bwana Masanja alisimama langoni, chini ya ubao wake. Niliona macho yake yakienda kwenye maandishi na kurudi. Yule mzee wa boma akamwambia maneno machache kwa Kisukuma, polepole, bila kupandisha sauti. Sijui Kisukuma, ila nilimwona Masanja akiinamisha kichwa kama kijana. Akaondoa magogo ya lango moja moja. Akalijia jipu, akaweka kiganja kwenye boneti.

"Karibu nyumbani," akaliambia. "Wamekupiga?"

"Hatujampiga," Mjomba akajibu. "Ameugua njiani."

Tulikaa pale mpaka gari lilipopona. Mke wa Masanja alitupikia ugali na maziwa mgando, fundi akaitwa, na giaboksi ikatolewa kwenye gari jingine lililokuwa humo zizini. Masanja alisema huyo ni dada yake bibi harusi, atasubiri. Hakuna aliyenidai hata senti. Nilipotaka kushukuru, aliniambia nisimshukuru, maana baba hashukuriwi kwa kumpokea mwanawe. Siku ya kuondoka alitufungia kuku kwenye kiti cha nyuma, kwa sababu binti akirudi kwa mumewe haendi mtupu. Kuku huyo alikuwa pembeni yangu njia nzima.

Tulipopita Ulaya, Kibwana tena kwenye usukani, barabara ilikuwa tulivu na gari likienda vizuri mno. Hasira zilikuwa zimeniisha, imebaki aibu. Nikamwomba Mjomba radhi, akasema alishasahau. Basi nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: siku ya mahari yangu mimi, miaka ile, alisema nini? Nilikuwa nikisikia tu kwamba alimnyanyasa Baba Shani mpaka akauza baiskeli.

"Hayo yalikuwa ya watu kuona," alisema. "Wakwe walipoondoka nilibaki na baba yako. Nikamwambia sitapokea kilemba changu mpaka aseme mbele yangu kwamba ukirudi, siku yoyote, utafunguliwa bila kuulizwa."

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mkali. Nikauliza alijibu nini.

"Alikasirika. Nikakaa. Usiku ulipokuwa mkubwa akasema."

Kuna miaka ya mwanzo ya ndoa yangu, wakati hatujazoeana na Baba Shani, niliyokaa jikoni nikijiuliza kama ningeweza hata kurudi kwetu. Niliamini siwezi, nikavumilia, na mambo yakatengenea yenyewe. Kumbe mlango ulikuwa umeshasemewa. Nilikwenda Mikumi kujifunza bei za magari, na sasa nazijua, bei tatu tofauti, na nilinunua kwa iliyo kubwa kuliko zote. Ningekwenda tena, ningemchukua Mjomba yule yule.

Baba Shani alikuwa ametungoja barabarani. Alilisifu jipu, akampokea kuku, akauliza bei. Nikamwambia ni mahari, haitajwi barabarani. Akasema "sawa", akashukuru.

Mvua za kwanza zilipoanguka, nami nimeshajifunza kuendesha, nilipakia vitenge nikapanda Mamboya. Sikuanzia gulioni. Nilisimamisha gari mbele ya nyumba ya marehemu baba, ambamo sasa anakaa kaka yangu, nikapiga hodi matope yakiwa yamenifika magotini. Kaka alifungua, akanitazama, akasogea pembeni nipite. Hakuniuliza kwa nini nimekuja.