Jicho la Visiwa na Muuguzi wa Chundwa

Ukimkuta Taufiq barazani hapa Langoni, mtaa wetu wa Lamu, hutamdhania lolote. Ni mwembamba, kofia yake haikosi wanga, na shati lina mfuko mkubwa wa kutilia simu zake mbili. Zamani alikuwa akitengeneza simu za watu katika kijiduka kando ya mlango wangu, na alikuwa fundi mzuri, sikatai. Kisha akagundua kwamba kusema ndani ya simu kuna faida kuliko kuzifungua. Akaanzisha ukurasa akauita Jicho la Visiwa, na tangu siku hiyo mtaa huu haujapumua.

Humo hujiandika kana kwamba anamwandika mtu mwingine. "Mchambuzi mashuhuri Taufiq leo amekutana na Mheshimiwa." Kukutana kwenyewe nimekushuhudia. Mkubwa akija kwa boti kutoka uwanja wa ndege, Taufiq husimama gatini kwenye ngazi, pale penye ukoga, ambapo anayeshuka ni lazima ashike mkono wa mtu asije akateleza baharini. Mkono wa karibu huwa ni wa Taufiq. Rafiki yake Jeilani hupiga picha, na mgeni hajamaliza kupanda ngazi picha iko hewani: "Mheshimiwa akipokea ushauri wa Taufiq."

Cheka utakavyo, lakini waliokuwa wakimwamini si wajinga. Bwana Fanuel, mtu wa bara anayepanga wauguzi wa visiwani, alikuwa haanzi kazi asubuhi kabla ya kuufungua ukurasa ule ili ajue wananchi wanataka nini. Sisi wananchi tukiufungua huo huo ili tujue ofisi inataka nini. Na Taufiq yuko katikati, ameketi barazani na kahawa yake chungu, anabuni pande zote mbili.

Mwanzoni mwa mwaka jana alikwenda Chundwa, kijiji cha kisiwa cha jirani, kwao mkewe Lubna, kupiga picha za vyandarua vilivyotolewa na mwanasiasa mmoja. Akapiga mpaka akaingia chumba cha kuzalishia cha zahanati. Jeruto, muuguzi wa pale, ni mwanamke wa bara aliyekaa Chundwa hata akawa anatania watu kwa lugha yao. Akamsimamia mlangoni.

"Hapa wanawake wamelala, Bwana. Toka na simu yako."

Akatoka. Wanawake wakamcheka, na kicheko kile ndicho kilichomchoma. Jioni ile akaandika: "Wananchi wa Chundwa wamechoka na muuguzi mwenye kiburi. Jicho la Visiwa linadai ahamishwe mara moja." Mwananchi wa Chundwa aliyechoka hakuwako hata mmoja. Lakini watu elfu tatu waliunga mkono, wengi wao wako Mombasa, Nairobi na Jeddah, na Chundwa hawajaikanyaga. Siku ya pili Taufiq akaandika habari za punda na taka, yale ya Jeruto akayasahau.

Ofisi haikuyasahau. Ofisi zetu huenda mwendo wa pole, lakini barua ikishaanza safari haina wa kuizuia.

Miezi ile ile Lubna akashika mimba. Kwetu mwana wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama yake mke, na hilo halina mjadala. Basi ilipokuwa kubwa akaenda Chundwa. Alikuwa ameshaharibikiwa na mimba moja kabla ya hiyo, kwa hiyo alikwenda na hofu tele. Jeruto ndiye aliyemtuliza. Alimpima kila wiki, akamsikilizisha moyo wa mtoto, akamjibu maswali yale yale bila kuchoka. Lubna ni kama mdogo wangu, akinipigia simu kila mara. "Dada, nikimuona yule napata usingizi," aliniambia. Mara barua ikafika: Jeruto ahamie Kiunga, mbali kaskazini mpakani. Mahali pake hakuletwa mtu.

Bi Mwanamkisi, mama yake Lubna, hana habari na mambo ya kurasa. Alichojua ni kwamba mkwewe ni mtu mkubwa mwenye jina hapa Lamu, na alikuwa akijivuna naye visimani. Akampigia.

"Mwanangu, wewe una ina kubwa huko Amu. Wambie wamregeshe Jeruto. Mkeo ana khofu, nami nina khofu."

"Nalishughulikia, Mama," akasema Taufiq.

Lubna, yeye, alikuwa akiusoma ukurasa wa mumewe tangu kabla hawajaoana. Simu yake ilikuwa fupi. "Andika kuwa ulisema urongo. Neno moya tu."

Akaandika. Aliandika marefu, Mungu wangu! Umuhimu wa afya ya mama na mtoto, safari zake visiwani, Jeruto shujaa asiyeimbwa, na uchunguzi mpya wa Jicho la Visiwa. Kila kitu kilikuwamo isipokuwa lile neno. Majibu yakamiminika. "Amekula." "Umetulizwa na ngapi?" "Hata Jicho limenunuliwa!" Miaka yote alikuwa akiwafundisha kwamba mtu akibadili msimamo basi amehongwa, na darasa lilikuwa limemwelewa.

Ndipo akaenda kwa Fanuel, na yaliyopita huko alinisimulia mwenyewe. Fanuel alimwagizia chai na mahamri.

"Lakini boss, hii kitu tulifanya juu yako," Fanuel akashangaa.

"Watu wa Chundwa wanamtaka arudi."

"Nani amesema?"

"Mimi nasema."

Fanuel akamgeuzia kompyuta. "Hapa ulisema hawamtaki, watu wakakubali. Hapa unasema wanamtaka, wanakutusi. Sisi tunaenda na ground, na kile watu wanasema, boss. Ground imeongea."

"Ile ya kwanza niliitunga."

Fanuel akairudisha kompyuta mahali pake. Si mtu mbaya. "Basi iandike hivyo hivyo, kwa jina lako. Nipate kitu cha kushika cha kupeleka juu. Wiki hii atakuwa amerudi."

Taufiq akaja kukaa kizingitini kwangu, akaiandika. Niliisoma kwa macho yangu: "Habari ya muuguzi wa Chundwa niliitunga kwa hasira." Sentensi moja, nzuri kuliko yote aliyowahi kuandika. Akaitazama. Mwaka wa uchaguzi ulikuwa unakaribia, na kuna mgombea aliyekwisha kumwahidi cheo cha ushauri. Akaanza kuifuta, herufi baada ya herufi.

"Dada, nikiituma hii, nani ataniamini tena?"

Nilimwambia nitaivunja simu ile kwa mchi, na nilimaanisha. Nikamtukana pia, mambo ambayo sitayarudia hapa. Akatia simu mfukoni, akaondoka bila kuituma.

Lubna alingoja wiki nzima. Kuja hospitali ya Lamu hakutaka, kwa sababu Lamu ndiko aliko mumewe. Siku zilipokaribia, Bi Mwanamkisi, ambaye hakuna mwanawe aliyezaa mzaliwa wa kwanza nje ya nyumba yake, akafunga kanga za binti yake kwa mikono yake mwenyewe, akamtia botini pamoja na Mahdi, kaka yake Lubna, wakaelekea Kiunga. Walifikia chumbani kwa Jeruto, wakakaa humo mpaka uchungu ukaja. Mtoto wa kike, salama, na mama yake salama. Mahdi ndiye aliyemwadhinia sikioni. Hiyo ni kazi ya baba.

Taufiq alipata ujumbe wa Mahdi: "Mwana wa kike. Wote wazima." Hakumaliza kuusoma alikuwa ameshatangaza: "Jicho la Visiwa lapata nuru!" Hongera zikamwagika kutoka kila upande, hata yule mgombea akatuma yake, na kila mtu akauliza jina. Nilikuwa mlangoni pangu alipompigia mkewe, akiweka sauti ya juu ili baraza nzima isikie furaha.

"Lubna, mwana mmempa jina gani? Watu wanauliza."

Tulimsikia mtoto akilia. Kisha tukamsikia Lubna.

"Waandikie lolote. Watakuamini."

Simu ikakatika. Taufiq alikaa akiikodolea macho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimuonea huruma. Kisha vidole vyake vikaanza. Aliandika kwamba binti anaitwa Amal, na watu wakajibu mashallah, jina zuri, linamfaa.

Mtoto anaitwa Raihana. Wanawake wa Langoni wote tunajua, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia.