Blanketi chini ya Boneti

Kuthamini kitu kuliko mtu ni dhambi inayoanzia nyumbani. Juzi, mtaani Kimandolu, nilimwona fundi akibandua kitambaa cha kukinga joto kilichochakaa chini ya boneti ya gari kuukuu, na harufu yake ya mafuta yaliyoungua ikanirudisha utotoni, kijijini kwetu Olmotonyi, kwenye alasiri ya ukungu.

Baba alikuwa amenunua gari lake la kwanza, mtumba kutoka ng'ambo. Kitambaa cha boneti kilikuwa kimeoza, naye aliogopa injini ingebabua rangi. Akaingia chumbani, akalivuta blanketi la Bibi, mama yake mzazi, aliyekuwa mgonjwa.

"Mwanangu, nami nitajifunika nini?"

"Hili limezeeka, Mama. Nitakuletea jipya."

Akalikata, akalibandika kwa gundi. Nilidhani gari nalo lilisikia baridi, nikalionea huruma. Sikujua kwamba lilikuwa likikingwa dhidi ya joto lake lenyewe.

Jirani yetu alipokuja kumjulia Bibi hali, alimkuta akitetemeka.

"Gari umelifunika, Baba Neema. Na aliyekuzaa je?"

Baba aliendelea kupangusa boneti. Jirani akavua shuka lake mabegani, akamfunika Bibi. Bibi alipofariki, alizikwa nalo, kwa kuwa blanketi jipya halikuletwa kamwe.

Jirani huyo aliitwa Anaeli, na jina lake sijalisahau.