Mastula, fundi cherehani wa Bwera ambaye tarumbeta yake ilisikilizwa mara ya pili

Saa tatu asubuhi barabara ya mpakani mjini Bwera, magharibi mwa Uganda, imeshachangamka. Boda boda zinapishana na magunia ya muhogo, na kwenye baraza la duka moja Mastula Juma, mwenye umri wa miaka 54, anakanyaga cherehani, akishona kola za sare za shule. Jirani yake Célestin, mbadilisha fedha kutoka Congo, ameweka simu juu ya kimeza chake. Humo inatoka sauti ya tarumbeta, na nyuma yake mvua inapiga bati.

"Mama, hii muziki inanilizaka kila siku," anasema Célestin.

"Basi lia polepole, utanifukuzia wateja," Mastula anamjibu bila kuinua macho.

Tarumbeta hiyo ni yake. Siku za kazi yeye ni fundi, na wiki nzuri humaliza sare kumi na tano. Jumamosi hupanda gari kwenda Kasese kufanya mazoezi na Nyamwamba Saba, bendi ya jazz inayochanganya gitaa na filimbi za Wakonzo, kabila la huko, na ambayo wimbo wake mmoja unaweza kuchukua robo saa.

Alijifunza kupuliza akiwa na miaka tisa, katika kambi ya polisi. Baba yake, Sajini Juma Drani, mzaliwa wa Arua, mbali kaskazini mwa nchi, alikuwa mpiga tarumbeta wa kambi.

"Mzee alikuwa anatufundisha kama maaskari," anakumbuka akicheka. "'Simama sawasawa! Pumzi kwanza, vidole baadaye!' Ndugu zangu walikimbia. Mimi nikabaki."

Mwaka jana, mwezi wa Machi, bendi ilirekodi albamu yake ya kwanza mbele ya watu 240, katika ukumbi wa kukodi mjini Kasese. Katikati ya wimbo wa tatu mvua ikashuka kwa nguvu na umeme ukakatika. Gitaa na kinanda vikanyamaza. Mashine ya kurekodi, iliyokuwa ikitumia betri, iliendelea kunasa kila kitu: ngoma, filimbi, bati na Mastula.

Kule Josiah, mpiga ngoma na kiongozi wa bendi, aliamua wimbo huo usikatwe hata kidogo. Albamu ikatoka vile ilivyo.

Wakosoaji hawakuwa na huruma. Gazeti moja liliandika kwamba bendi "imethubutu mpaka imesahau wasikilizaji". Siraj, mchambuzi wa muziki katika redio moja ya Kasese, ndiye aliyechoma zaidi. Alisema hewani kwamba tarumbeta ya wimbo wa tatu imepotea njia, na kwamba mvua ilikuwa na muziki zaidi kuliko mpigaji.

Mastula aliyasikia maneno hayo akiwa kazini, mteja akiwa amesimama mbele yake apimwe kiuno.

"Niliendelea kupima, lakini namba sikuziona," anasema. "Jioni hiyo niliifunga tarumbeta kwa kitenge, nikaiweka juu ya kabati."

Wiki tatu hakwenda mazoezini. Josiah alimfuata hadi Bwera.

"Mama, bila wewe bendi hakuna," alimwambia.

"Mwanangu, nimewaharibia kazi yenu," akamjibu.

Jumapili iliyofuata, saa nane mchana, Siraj alifungua simu za wasikilizaji. Akapiga bibi mmoja wa Muhokya, Yayeri, mjane wa askari polisi.

"Mimi jazz sijui," alianza. "Lakini hiyo wimbo ya tatu, wewe ulisema mama amepotea. Hapana. Hiyo ni ile ya jioni, ya kushusha bendera. Ameipiga polepole tu. Sisi wake za maaskari tukisikia hiyo, tunajua siku imeisha, mabwana wetu wanarudi nyumbani. Tangu wangu afariki, mimi sijaisikia tena. Tafadhali piga."

Siraj aliuweka wimbo. Aliuacha uende dakika zote kumi na nne bila tangazo lolote. Ulipokwisha, watu kumi na mmoja walipiga simu, wengi wao kutoka kambi za polisi.

"Nilisikiliza nikitafuta muziki ninaoujua," Siraj aliwaambia wasikilizaji. "Naomba radhi."

Wiki hiyo hiyo alikuja Bwera mwenyewe. Mastula alimpa kiti, akaagiza chai. Kisha akamwambia jambo ambalo hata wenzake wa bendi hawakuwa wamelijua.

"Mwanangu, hukukosea. Nilipotea kweli. Sikusikia gitaa, sikumwona Josiah. Vidole vyenyewe vikapiga ile ya baba, ya kila jioni kambini. Na kama wewe usingenisema vile, Yayeri asingepiga simu. Nakushukuru, wallahi."

Tangu hapo magazeti mawili yameirudia albamu na kuisifu, na mwandishi mmoja wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, ameuita wimbo wa tatu moyo wa albamu nzima. Mastula amekata sifa hizo gazetini na kuzihifadhi kwenye kopo la vifungo. Hata lawama za kwanza zimo.

Sasa kuna safari anayoipanga. Desemba, shule zikifungwa na sare zikipungua, bendi nzima itakwenda naye Arua. Huko anaishi shangazi yake mwenye umri wa miaka 88, dada mkubwa wa marehemu Sajini Juma. Alimuaga mdogo wake, wakati huo kijana, akienda kazi ya mbali na hakuwahi kumsikia akipuliza hata mara moja.

"Anajua tu kwamba mdogo wake alikuwa polisi," Mastula anasema, akikata uzi kwa meno. "Nitasimama mbele yake sawasawa, nimpigie. Ajue mdogo wake alikuwa anafanya nini huku."