Mwendo wa Polepole Uliomficha Aminieli Ugonjwa wa Mguu

Jua la asubuhi linapenya kati ya mabati ya Majengo, mjini Moshi, wakati Aminieli Shao anapoegemeza magongo yake ukutani na kuketi mbele ya cherehani. Anavuta hema la mlimani hadi magotini, anaikagua zipu iliyong'oka, kisha anaanza kukanyaga pedali kwa mguu wa kulia.

Mguu wa kushoto haupo. Suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini chini kidogo ya goti.

"Cherehani hii ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye miguu miwili," anasema bila kuinua uso. "Sasa tumezoeana. Inanivumilia."

Mlangoni amesimama Mathew, mpagazi aliyeleta hema hilo. "Mangi," anamwita kwa jina la heshima la Wachagga, "fanya haraka basi, wageni wanapanda kesho."

"Wageni wanapanda, wewe unabebeshwa. Kaa kwanza. Miguu inasemaje?"

"Inauliza hema liko wapi," anajibu Mathew, na wote wawili wanacheka.

Kila mtu wa mlimani anayeingia katika chumba hiki cha kupanga huulizwa swali hilo. Hata hivyo, mtu ambaye Aminieli anatamani zaidi kusikia jibu lake ni mdogo wake, Godlove, mwongoza wageni mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. Godlove hataki kulijibu.

Aminieli, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, alizaliwa Mamba, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika familia ya Kilutheri iliyoishi kwa kahawa, ndizi na ng'ombe wawili wa maziwa. Akiwa kijana alianza kubeba mizigo ya watalii, na baadaye akapata leseni ya kuwaongoza. Huko juu ndiko alikojifunza kuvuta sigara. "Kule kambini sigara ndiyo ilikuwa blanketi letu," anasema.

Maumivu yalianzia kwenye kigimbi cha mguu wa kushoto. Akipanda kwa muda, nyama ya mguu ilikaza kama kamba iliyosokotwa. Akisimama kidogo, maumivu yaliondoka, naye aliendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea.

Katika kazi nyingine yoyote, pengine watu wangemshuku. Kilimanjaro ni tofauti. Hapa mwongozaji hodari ni yule anayekwenda taratibu, ili hewa nyepesi isiwalaze wageni wake. Aminieli aliposimama kuonyesha maua na mawingu, wageni walipumua na kumshukuru. Kampuni ikaanza kumpa wageni wazee, kwa kuwa alijua kuwapumzisha.

"Nilisifiwa kwa ugonjwa wangu," anasema. "Kadiri mguu ulivyozidi kuuma, ndivyo nilivyozidi kuitwa mwongozaji mwenye busara."

Unyayo wake wa kushoto ukawa baridi hata alipokuwa kitandani. Aliamini ni baridi ya kilele cha Kibo iliyomwingia. Mkewe, Elinipendo, aliona vinyweleo vya mguu huo vimepukutika na ngozi imeanza kung'aa.

"Nikamtania, nikamwambia, 'Baba Evelyn, mbona unazeeka upande mmoja?'" anakumbuka Elinipendo akiwa anamenya ndizi za mtori. "Tulicheka sana siku ile. Kicheko hicho kinaniuma hadi leo."

Kisha kiatu kikamchubua kidole kidogo. Kidonda kilisafishwa na kufungwa, lakini hakikupona. Kidole kilipogeuka cheusi, ndipo alipokwenda hospitali. Daktari alimwambia kwamba mishipa inayopeleka damu mguuni ilikuwa imeziba kwa muda mrefu, na kwamba sigara ilikuwa imechangia sana. Maumivu ya kigimbi yanayokuja kwa kutembea na kuondoka kwa kupumzika, ubaridi wa mguu mmoja, kidonda kisichofunga: zote zilikuwa dalili za mapema.

"Nikamwambia, 'Daktari, hii ni baridi ya mlima.' Akanitazama kwa huruma, akasema, 'Mzee Shao, baridi ya mlima haichagui mguu mmoja.'"

Mguu ulikatwa. Leo kushona zipu moja humpatia shilingi elfu chache, na yapo majuma ambayo hakuna hema linaloletwa.

Desemba iliyopita, ukoo ulipokusanyika Mamba kwa ajili ya Krismasi, Aminieli alikuwa ameketi mlangoni akiwatazama ndugu wakipanda kutoka kanisani. Godlove alisimama kwenye kona yenye mwinuko, akatoa simu na kujifanya anasoma. Akapanda kidogo, akasimama tena. Mkono wake mmoja ulikuwa ukikanda kigimbi.

"Nilimwuliza. Akanijibu, 'Kaka, tangu ukatwe mguu unaona kila mtu mgonjwa. Hata mbuzi wa mama akikohoa utampeleka hospitali.' Watu wakacheka. Mimi sikuweza."

Mdogo wake alipoendelea kukataa kupimwa, Aminieli aliipigia simu kampuni inayomwajiri na kueleza alichokiona. Godlove akaondolewa katika safari mbili. Kuanzia siku hiyo ndugu hao hawakusemeshana.

Mwezi uliopita Aminieli alipanda hadi kwa mama yao, ambako Godlove alikuwepo, akiwa na jani la isale. Kwa Wachagga, anayepelekewa jani hilo hawezi kunyima msamaha. Kwa kawaida mdogo ndiye humpelekea mkubwa. Mama yao alipomwona mwanawe wa kwanza akiyumba kwa magongo, jani mkononi, alijifunika uso kwa khanga.

Godlove alilipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, kaka," alisema. "Lakini isale huomba msamaha, haiombi vipimo."

Kabla ya kupanda mlima juma hili, Godlove alikubali kuzungumza na mwandishi kwa simu. Sauti yake haikuwa na hasira. "Namheshimu kaka yangu. Ila nikipimwa nikaambiwa nisipande, watoto wangu watakula hayo majibu?"

Aminieli anajua uzito wa swali hilo, kwa sababu ndilo lililomfanya yeye mwenyewe achelewe kupeleka kidonda chake hospitali.

Godlove atateremka Jumamosi kupitia lango la Mweka. Jirani mwenye bajaji amekubali kumpeleka Aminieli huko. Daktari alimfundisha mahali pa kuweka vidole viwili, juu ya mguu, pale kamba za kiatu zinapofungwa, ili kusikia kama mshipa unagonga, ingawa alimwonya kwamba vidole havichukui nafasi ya kipimo.

"Akikaa kufungua viatu, nitaushika mguu wake," anasema Aminieli. Pedali imesimama. "Sitauachia mpaka akubali twende hospitali. Watu wa getini watashangaa, waache washangae. Na kipimo kikisema ni mzima, nitasimama mbele ya ukoo wote niseme nilimzushia mdogo wangu ugonjwa. Hilo ndilo ninaloliomba kwa Mungu kila siku: nionekane mwongo."