Kipande cha Bati Mlangoni mwa Stoo

Saa sita na dakika thelathini na mbili mchana, siku ya Jumanne, kompyuta ya duka la bolti pale mtaa wa Gerezani iliganda. Dakika naikumbuka kwa sababu saa iliyokuwa kwenye kona ya skrini iliganda nayo, ikabaki hivyo hivyo mpaka tajiri alipozima umeme ukutani.

Tajiri ndiye mwenye duka, Mhindi wa makamo aliyeirithi kaunta ile kwa baba yake. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imelegeza biashara na bidhaa zimeanza kumiminika kutoka Dubai, naye akaagiza mizani ya kielektroniki, kwa kuwa bolti, nati na misumari huuzwa kwa uzito. Mizani ilikuja na waya na kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta. Haikuja na draiva ya kutufaa, yaani ile programu ndogo inayoingia ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, na kuiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa. Draiva iliyokuwemo kwenye boksi ilitaka mfumo wa kununua, na sisi tulitumia mfumo wa bure niliouweka mwenyewe. Mimi nilikuwa fundi redio niliyejifunza kompyuta kwa vitabu vya fotokopi. Nilimwambia tajiri kwamba draiva nitaiandika. Ilinichukua wiki saba.

Ndani ya draiva niliweka kitu kiitwacho uzi. Ni kazi inayokwenda peke yake nyuma ya nyingine, mtumiaji haioni. Uzi wangu uliamka, ukasoma uzito, ukalala, ukaamka tena. Tangu asubuhi ulifanya kazi bila lawama. Tatizo lilikuwa saa sita na nusu, duka linapofungwa kwa chakula cha mchana. Mizani ilizimwa kwa kuogopa umeme wa kukatikakatika, kwa hiyo na draiva ilibidi iondolewe kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Siku nyingine iliondoka salama. Siku nyingine kompyuta iliganda, mauzo ya asubuhi yakapotea, na mama wa stoo akalazimika kuyaingiza upya, moja moja, kutoka kwenye nakala za risiti.

Mama wa stoo alikuwa mzaliwa wa Kariakoo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi mweusi. Alikuwa na miaka kumi na tisa dukani na aliweza kukutajia saizi ya nati kwa kuipapasa tu.

"Shikamoo, mama," nilimsalimia Jumatano asubuhi.

"Marahaba, fundi. Sanda umekuja nayo?"

"Sanda ya nini?"

"Si maiti yako hiyo kwenye kaunta."

Tajiri hakucheka. Alifungua droo na kuniwekea mbele ankara ya muuzaji mmoja wa mjini: kompyuta nyingine, mizani nyingine, kila kitu kimeshafungwa pamoja.

"Fundi, mimi na wewe hatuna ugomvi," alisema. "Jumamosi mchana yako ikifunga vizuri, inabaki. Ikiganda, nanunua hii. Yako unabeba unaenda nayo."

Nilikuwa na siku nne, na wiki saba za kupoteza.

Nina tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari. Nililifungua, nikalinganisha siku za kuganda na siku za salama. Siku za salama, mteja wa mwisho alikuwa bado anapimiwa wakati wa kufunga. Siku za kuganda, sinia la mizani lilikuwa limekaa tupu kwa muda. Hapo nikakumbuka nilichokifanya kwa kujiona mjanja: sinia likiwa tupu, niliuruhusu uzi ulale sekunde tano badala ya nusu sekunde, usiichoshe kompyuta bure. Lakini wakati wa kufunga, draiva iliuambia uzi "acha", ikasubiri sekunde mbili, ikajiondoa. Uzi uliokuwa usingizini haukusikia. Ulipoamka, maelekezo uliyopaswa kuyafuata hayakuwepo tena, yameondoka pamoja na draiva. Ni sawa na mtu anayeshusha mguu kitandani na kukuta sakafu imeshabebwa. Ukikosea hivyo ndani ya kiini, mfumo mzima huanguka nawe.

Nilimweleza mama wa stoo, maana ndiye aliyekuwa akiumia.

"Kama yule mpagazi wetu," alisema.

"Mpagazi gani?"

"Kabla hujaja wewe. Tajiri kamwita mara tatu, kimya. Kasema huyu katoka. Kafunga stoo, kaenda kula. Kumbe kalala juu ya magunia. Tulivyorudi saa nane, jamaa katulilia kama mtoto mchanga."

"Ndiyo mkaleta kibati?"

"Ndiyo tukaleta kibati."

Kibati nilikuwa nikikiona kila siku bila kukitilia maanani. Kilikuwa kipande cha bati chenye tundu. Anayeingia stoo alikichukua na kuingia nacho. Akitoka, alikirudisha kwenye msumari wa kizingiti, ambao tajiri aliuona kutoka kwenye kiti chake. Kibati kisipong'aa msumarini, mlango haufungwi, hata kama njaa inauma kiasi gani. Tangu kianze, hapakuwa na kuita wala kukisia.

Nilirudi nyumbani Ilala nikiwa na kazi iliyo wazi. Alhamisi asubuhi draiva ilikuwa na utaratibu mpya. Kwanza, inauambia uzi uache. Pili, inauamsha, kwa sababu kumwambia aliyelala ni kupoteza maneno. Tatu, inakaa kusubiri, bila kuhesabu sekunde, mpaka uzi utoe ishara yake. Kibati msumarini. Mchana ule sinia lilikuwa tupu kwa robo saa nzima, na draiva ikatoka kwa utulivu.

"Leo hajafa," mama wa stoo aliuarifu umma wa wateja wawili.

Ijumaa tulifunga mapema kwa ajili ya sala. Saa sita kasoro dakika tano nilibonyeza kuiondoa draiva, na kompyuta ikaganda.

Tajiri alitazama skrini, akanitazama mimi, akaitazama droo yenye ankara. Aliinuka, akaona kibati msumarini, akasukuma mlango wa stoo na kubana kufuli. Alikuwa ameshashika funguo za duka sauti ya mama wa stoo ilipotoka ndani, bila haraka yoyote.

"Tajiri. Malipo ya kukaa humu yanaanza kuhesabiwa saa ngapi?"

"Wewe uko ndani?"

"Hapana, ni bolti zinaongea."

"Kibati kiko msumarini!"

"Kiko. Nimekitundika, nikarudi kuchukua miwani, uzi wake umekatika. Sasa nimeshaipata, nakuona vizuri kupitia ufa, usijifanye unaondoka."

Tajiri alifungua huku mabega yakimcheza kwa kicheko alichokuwa anakizuia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nautazama msumari. Ulipigiliwa upande wa ndani wa kizingiti. Mtu aliweza kutundika kibati, na mwenye duka akakiona, na mtu huyo huyo akawa bado ana hatua mbili tatu za kupiga ndani ya stoo.

Nilikaa kwenye debe la misumari nikafungua daftari pale pale. Ilikuwa hivyo hivyo. Uzi wangu ulitoa ishara, kisha ukaanza kurudisha kumbukumbu uliyoazima, na mwisho ukaandika mstari mmoja wa kuaga kwenye orodha ya matukio ya mfumo. Ulikuwa umetundika kibati na kurudi kuchukua miwani. Alhamisi uliwahi. Ijumaa haukuwahi.

Kuisogeza ishara ikawa mstari wa mwisho kabisa kusingetosha, maana hata mstari wa mwisho uko ndani ya draiva, na baada yake ipo hatua ya kutoka. Msumari ulitakiwa kuwa nje. Nilipekua fotokopi zangu mchana kutwa, na kumbe kiini chenyewe kilikuwa na njia yake: uzi unakabidhi ishara na roho kwa pamoja, na anayeuzima na kuitoa ishara ni kiini, ambacho hakiondolewi pamoja na draiva. Ishara ikifika, uzi hauna tena unyayo hata mmoja ndani ya draiva. Nilifuta mistari mitano, nikaandika mmoja.

Jumamosi, kabla wateja hawajajaa, niliiingiza na kuiondoa draiva mara arobaini, nikiweka alama daftarini kila mara: sinia tupu, sinia limejaa, mama wa stoo ameliegemea kwa kiwiko makusudi. Saa sita na nusu tajiri mwenyewe alibonyeza. Mizani ilizimika, draiva ikatoka, na saa kwenye kona ya skrini ikaendelea kutembea.

"Sasa na msumari wangu," alisema mama wa stoo, ambaye nilikuwa nimeshamweleza kosa la uzi.

"Msumari gani?"

"Mashine imehamishiwa msumari nje, mimi binadamu nibaki na wa ndani?"

Tajiri alichagua msumari mpya wa inchi tatu, akawasha mizani tena, akaupima, akauandikia risiti kwa jina la duka lake mwenyewe. Nikaupigilia upande wa nje wa kizingiti. Kisha akaichana ankara ya mjini, akageuza kipande chake kimoja na kupiga hesabu nyuma yake, akiitamka kwa sauti ili sote tuwe mashahidi. Mfumo wa mjini, laki tisa na elfu themanini. Toa malipo ya fundi, elfu sitini. Toa msumari, shilingi kumi. Duka limeokoa shilingi laki tisa, elfu kumi na tisa, mia tisa na tisini.