Pamba Iliyokataa Maji

Aliyesema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu hakuzaliwa kwetu. Kwetu mama alikufunza kupika, kulima na kusalimia wakubwa, lakini siku mwili wako ulipobadilika, ulimi wake ulifungwa. Mambo ya hedhi yalikuwa ya bibi mzaa baba. Mama akiyagusa, ameingilia kazi ya mama mkwe wake, na hilo lingesemwa mpaka misibani. Bibi yangu alikaa Sapiwi, sisi tulikaa Somanda. Mwili wangu haukumsubiri.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara na bidhaa zikaanza kurudi madukani. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sabuni tulisimama mbele ya rafu tukikodoa macho. Pakiti za pedi nazo zilikuwepo, rafu ya juu kabisa, na muuza duka alikuwa kijana mwenye sauti kubwa. Ningekufa kabla sijamwambia anishushie moja.

Lakini nyumbani tulikuwa na pamba. Mavuno yalijaa chumba cha mbele mpaka usawa wa dirisha, yakingoja wanunuzi binafsi ambao baba, aliyezoea kuuzia chama cha ushirika tu, bado aliwatilia shaka. Niliwahi kumwona nesi akifuta kidonda kwa pamba nyeupe, na ile pamba ikanywa damu yote. Pamba ni pamba, nikawaza. Nikachambua konzi kadhaa, nikatoa mbegu, nikajifunga, nikaenda shule kwa madaha.

Kufikia kipindi cha hesabu sketi ilikuwa imelowa. Pamba yenyewe ilikuwa karibu kavu. Damu ilikuwa imeizunguka ikapita zake. Nilirudi nyumbani na sweta la mitumba limefungwa kiunoni, nikaapa kwamba kila mwezi siku hizo zikifika, shule basi. Nilikuwa darasa la saba, mtihani uko mbele, na nilimaanisha. Leo nacheka, lakini siku ile niliuchukia mwili wangu kama mtu anavyomchukia jirani mwizi.

Mama aliifua sketi bila neno. Kesho yake nikasema tumbo linaniuma. Baba alipokwisha kutoka, mama akaniita uani. Alikuwa ameweka beseni la maji juu ya kigoda, na mkononi alishika pamba ya chumba cha mbele, imeshatolewa mbegu.

"Angalia maji," akasema.

Akailaza pamba juu ya maji taratibu, kama anayemlaza mtoto. Ikaelea. Tukangoja, ikazidi kuelea. Akaitoa akanipa. Upande wa chini matone yalikuwa yamesimama kama shanga. Nilipoitikisa yakaporomoka yote. Nikaipasua. Ndani ilikuwa kavu.

"Mbona hainywi, mayu?" nikauliza; mayu kwetu ndiye mama.

"Ina mafuta yake ya shambani. Na maji nayo yana ngozi. Huoni yanavyojikaza?"

Akachota sabuni ya unga kwa ncha za vidole, akaikoroga polepole mpaka ikayeyuka, akairudisha pamba ileile. Ikasita. Kingo zake zikaanza kulowa, kisha ikazama yote mpaka chini. Miaka baadaye mwalimu wa sekondari alituambia kwamba huo ni mvutano wa uso wa maji, na kwamba sabuni huulegeza. Alipouliza nani amewahi kuyaona hayo, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Uani siku ile sikujua jina lake. Nilijua tu kwamba mama, ambaye hakuwa ananitazama usoni, alikuwa anazungumza na mimi, na nilimpenda kwa hilo.

"Ya kunywa huchemshwa kwanza," akaliambia beseni.

Tukabandika sufuria, tukatia magadi na sabuni, tukaichemsha pamba mpaka maji yakawa ya rangi ya chai. Harufu ile, ya nguo mbichi na moshi, ikinipitia hata leo hunirudisha uani kwetu. Tukaisuuza, tukaianika kwenye ungo. Ilipokauka mama akaidondoshea tone moja la maji. Likapotea hapohapo.

"Sasa imejua kunywa," akasema, akaingia ndani. Pembeni ya ungo alikuwa ameacha vipande vya khanga kuukuu, vimekatwa vizuri na kukunjwa. Kesho yake nilikuwa darasani.

Mama alikuwa ametuma salamu Sapiwi, na Jumamosi bibi akafika. Nilipiga goti nikamsalimu, "Mwadila, bibi," naye akaniketisha karibu yake. Mama alikuwa jikoni akisonga ugali.

"Nasikia umekuwa mtu mzima," bibi akasema. "Mama yako amekwambia nini?"

Huko jikoni mwiko ukanyamaza. Nilijua linalomngoja mama nikijibu vibaya.

"Hajaniambia neno, bibi. Amenionyesha maji tu."

Bibi akatazama ungo uliokuwa juu ya kichanja cha vyombo. Akainuka, akanyofoa kipande cha pamba, akakichovya kwenye kikombe chake cha maji. Kikanywa. Akakikamua, akakichovya tena. Baada ya kula alinifunza alasiri nzima yale yaliyomleta, na nasikitika kwamba mengi nimeyasahau.

Alipokuwa anaaga, alimwita mama.

"Nifungie na mimi. Nina wajukuu wengine kule."

Mama alimfungia nusu ya pamba kwenye gazeti. Bibi akakitia kifurushi kwapani, akatangulia hatua chache, kisha akatugeukia.

"Wakiuliza nani kamfunza huyu, semeni ni mimi."

"Ndiyo, mayu," mama akajibu, halafu akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka mbele ya mkwewe.