Roho Inashuka

Akogo ya Bibi haikusikika masikioni peke yake, ilisikika menoni. Ukikaa karibu naye wakati anapiga, taya linawasha, na ukiegemea ukuta, ukuta nao unanguruma kidogo. Ni sanduku la mbao ambalo juu yake vimepangwa vyuma vyembamba vilivyofuliwa kutoka kwa spoki za baiskeli, na mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba. Kwetu Kwapa, kijiji cha Wateso karibu na mpaka wa Malaba, ni chombo cha wanaume. Lakini babu alipofariki Bibi aliichukua akaiweka chini ya kitanda chake, na nani angemwambia kitu? Alikuwa mama yake baba, mwanamke mfupi mwenye harufu ya moshi na ya pombe ya ulezi, ambao sisi tunauita wimbi, na hakuwa na desturi ya kuomba ruhusa.

Msimu ninaousimulia ni wa mavuno ya wimbi, nikiwa na miaka tisa. Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, akaishi siku nne, tukamzika karibu na migomba. Baada ya hapo mama hakulala. Sisemi alilala vibaya, nasema hakulala. Mchana alishinda mlangoni mikono ikimtetemeka, na lori likipiga honi huko kwenye foleni ya Malaba, anaruka kama aliyemwagiwa maji. Vikombe vilimponyoka. Siku moja alinipiga kwa kumwaga chumvi, kisha akalia kuliko mimi. Yeye alikuwa Msamia wa Busia, aliyeuza samaki sokoni kabla ya kuolewa, na hali hiyo aliieleza kwa Kiswahili chake cha sokoni: “Mimi niko roho juu tu.” Nyumbani kwetu kila kitu kilikuwa roho. Roho inauma, roho imekataa, roho juu. Kwamba kuna neno moyo nilikuja kujua baadaye sana, vitabuni.

Alasiri moja, kazi ya kupura imesimama kwa sababu ya jua, Bibi alimketisha mama kwenye mkeka, akakaa nyuma yake, akaiegemeza akogo mgongoni mwake kati ya mabega. Hakupiga wimbo wowote. Alibonyeza vyuma viwili tu, vile virefu vya sauti nzito, kimoja halafu kingine, akifuata jinsi mama anavyopumua, kisha akapunguza mwendo kidogo kidogo mpaka mama ndiye akawa anamfuata yeye. Aliniambia niweke kiganja kifuani mwa mama. Mtetemo ulikuwa umepita mwili mzima ukatokea upande wangu, mdogo, wa kuwasha, kama paka anayekoroma. Mikono ya mama ilitulia kwanza. Halafu kichwa kikainama, akalala hivyo hivyo ameketi, mate yakimtoka, na Bibi hakuacha mpaka kuku walipoanza kurudi. Ikawa hivyo kila alasiri kwa wiki mbili. Mama akaanza kula, na siku moja akanisuka nywele bila kuombwa.

Mchungaji wetu alikuwa mtu wa upande wa Kenya na Kiteso hakukijua hata cha salamu. Alikuja kumfariji mama, akamkuta anasinzia na sanduku mgongoni. Akauliza hapa panafanyika nini. Bibi alimjibu kwa Kiteso, kwa upole kabisa, kwamba moyo wa mkwe wake ulikuwa umepanda na sasa unatulia. Mchungaji akanigeukia mimi. Kiswahili nilikipata kwa mama, na kanisani nilikuwa nikimtafsiria matangazo madogo madogo, jambo ambalo lilinitia kiburi kikubwa. Basi nikasimama wima kama niko mbele ya darasa nikasema, “Bibi anasema, akipiga hivi, roho inashuka.”

“Roho gani inashuka?” akauliza.

Nikajibu, “Ile iliyokuwa juu.”

Hapo alisikia alichotaka kusikia: kwamba mwanamke mzee anaita mapepo kwa ala na yanamshukia mfiwa. Na mtu asiniambie eti alielewa vibaya kwa bahati mbaya. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, nimevaa gauni lililopasuka kwapani. Mtu mzima anayetaka kujua angeniuliza tena. Yeye alifungua Biblia. Mama alikuwa ameshaamka, akabaki ameangalia mkeka. Jumapili iliyofuata akogo ilichomwa mbele ya kanisa, na aliyeibeba ni baba yangu mwenyewe, mtu aliyekuwa ameona mke wake analala na bado akaibeba. Iliungua haraka kwa sababu ya mafuta ya vidole ya miaka mingi. Bibi hakulia. Watu walipoondoka alichokora majivu akavitoa vile vyuma, na kimoja akakifanya sindano ya kushonea magunia. Mimi aliendelea kuniita na kunituma kama kawaida, bila neno hata moja juu ya jambo hilo, na hicho ndicho kilichonichoma.

Mama hakulala tena usingizi wa kweli. Alimeza vidonge vya kila rangi. Mikono iliendelea kutetemeka mpaka akaacha kubeba watoto wa watu. Nilikulia kwenye nyumba ambamo kijiko kikianguka wote tunanyamaza na kumwangalia. Nilipoolewa Busia, na baba akiwa ameshafariki, nilimchukua mama akae nami, na kila alfajiri nikimkuta ameketi jikoni nilijua ni neno langu lililomkalisha pale.

Sasa sikilizeni. Mwaka huu kanisa lile lile la Kwapa liliandaa semina ya akina mama, nikampeleka mama kwa sababu walisema kutakuwa na mafunzo ya kupumzisha mwili. Akaja dada mmoja kutoka Kampala na mabakuli ya shaba na spika pana ya kulazwa chini ya godoro. Akatueleza kwamba sauti nzito ikigusa mifupa, mwili hupunguza mwendo, pumzi hutulia, na usingizi hurudi. Alieleza vizuri, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ulikuwa na yule aliyemkaribisha, mchungaji wetu, mwenye mvi sasa, ambaye alishika kipaza sauti akatuambia tumshukuru Mungu kwa elimu hii mpya. Mpya! Mama akalazwa kwenye godoro, spika ikaanza kunguruma, na kabla bakuli la tatu halijagongwa alikuwa anakoroma. Akina mama wakacheka kwa upendo. Mimi nilitoka nje nikaupiga teke ukuta wa kanisa, nikaumia kidole, na sikujali. Kama isingemsaidia ningekuwa na nafuu. Ilimsaidia, kama ilivyomsaidia zamani, na kati ya usingizi ule na huu amekaa macho karibu maisha yangu yote.

Tulipokuwa tunatembea kwenda kupanda gari la kurudi Busia nilishindwa kuvumilia, nikamwambia. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyesema roho inashuka, kwamba nilimaanisha moyo, kwamba nilikosea neno na yeye ndiye aliyelipia. Nilikuwa nalia kwa hasira, watu wa barabarani wananitazama.

Mama akanishika mkono, akanivuta kando ya barabara. “Mimi nilisikia,” akasema. “Kiswahili ni mimi nilikupea. Nilijua we unasema nini, na nilijua mchungaji amesikia nini.”

“Kwa nini hukumwambia?”

“Mtoto yangu alikuwa ndani ya udongo. Mimi nikilala vizuri hivyo, ni mama gani?”

Nilitaka kumkasirikia hata yeye, nikamwangalia, uso wake umelegea kwa usingizi wa dakika chache, anaonekana mdogo kuliko mimi, nikashindwa. Miaka yote nilidhani nilimnyang'anya mama usingizi wake. Kumbe aliutoa mwenyewe, kama sadaka, na kanisa likaupokea.